Miungu Wote wa Mzee Ghalib, na Maneno Mawili ya Nyongeza

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Ghalib Abdulwakil anavua hedifoni kwa mara ya mwisho na kuzitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe ukutani bila kumwomba mtu ruhusa. Ametimiza miaka kumi na sita ya utumishi katika studio yetu ya Lulu Tisa, Sanyuanli, juu ya ofisi ya mizigo. Katika miaka hiyo amekuwa Shiva, Vishnu, Krishna, Rama, Ganesha, Hanuman, Indra na Ravana mwenye vichwa kumi, siku nyingine wote kabla ya chakula cha mchana. Si haba kwa mtu aliyekuja huku Guangzhou, China, kununua mapazia.

Kwa wageni wetu ambao wamefuata harufu ya pilau na hawatujui: kazi yetu ni kutia sauti. Laoban Luo, yaani bosi, hununua tamthilia za Kihindi zinazosimulia visa vya miungu, sisi tunazisemesha Kiswahili, naye anaziuza kwa wenye ving'amuzi na simu kuanzia Unguja mpaka Bukavu. Mimi Chausiku, mtoto wa Tandika, ndiye miungu wote wa kike, wenye huruma na wenye mapanga. Denise wa Bukavu ni fundi wa sauti. Mbingu yote iliyobaki ni Mzee Ghalib.

Niseme mapema, maana sipendi kuzungusha watu: hafla hii nusura isiwepo. Mpaka juzi juzi Mzee alikuwa amenuna, hasemi na mtu, na sababu ilikuwa moja. Je, anaondoka na sauti yake, au inabaki humu ndani ya mashine, iendelee kudai uungu baada yake? Nitafika huko. Tuanze na sifa, na kwa haki tuchanganye na lawama.

Alikuja mjini humu na begi tupu na maagizo ya mapazia ya nusu ya Kikwajuni, mtaa wake wa Unguja. Siku moja alikuwa soko la vitambaa la Zhongda. Muuzaji akamtajia bei, naye akajibu kama tunavyojibu sote, tai gui le, ghali mno. Ila aliisema kwa sauti ile. Wapagazi wakatua marobota. Mama mmoja wa ghorofa ya juu alichungulia akidhani kuna moto. Laoban Luo alikuwa kibanda cha pili, akichagua vitambaa vizito vya kufunika kuta za studio ili honi za barabarani zisiingie. Aliacha vitambaa akamfuata mtu. Kuta zetu zilikaa uchi miaka mitatu, na Denise akikumbuka husonya.

Alipoulizwa kama anajua chochote kuhusu miungu wa Kihindu, Mzee alicheka. Amekulia kwenye sinema za Unguja, Jumapili baada ya Jumapili, na Kihindi alijifunzia humo humo gizani. Mpaka leo anaweza kukwambia kwa Kihindi fasaha kabisa kwamba damu yake inachemka na kwamba mama yake asimlilie, lakini mpeleke mkahawa wa Wahindi hawezi kuagiza hata maji.

Siku ya kwanza alipewa Vishnu. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: mimi ndiye mwanzo na mwisho, niabuduni mimi. Mzee alifungua kinywa, akakifunga, akavua hedifoni, akatoka nje. Laoban alidhani anadai nyongeza. Mimi nilidhani tumbo. Alirudi ana udhu na ana sharti. Kazi ni kazi, alieleza, na watoto wanakula, kwa hiyo atasema yote yaliyoandikwa. Lakini kila pale mungu yeyote anapojitangaza, yeye Ghalib ataongeza maneno mawili kwa sauti yake ya kawaida, ili ieleweke duniani na mbinguni kwamba madai hayo si yake. Maneno yenyewe ni haya: asema yeye.

Basi ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi ndiye niliyeumba ulimwengu, asema yeye. Hakuna aliye juu yangu, asema yeye. Denise aliyakata maneno hayo moja baada ya jingine kabla kanda hazijatoka, Mzee akalala usingizi wake, na mtazamaji hakujua kitu. Hali ilikuwa shwari hivyo hadi Denise alipoenda kushughulikia viza. Fundi wa muda aliyemshikia nafasi hakujua Kiswahili hata cha salamu, akaacha kila kitu mahali pake. Tamthilia nzima ikaenda hewani hivyo hivyo. Shiva anafungua jicho la tatu, milima inatetemeka, ngoma zinarindima, anatangaza kwamba yeye ndiye mwisho wa kila chenye uhai, kisha anasikika mzee wa Kikwajuni pembeni, taratibu, kama yuko barazani na kahawa yake: asema yeye.

Simu zilipoanza kulia kutoka Dar, Mombasa na Bukavu, Laoban alijifungia chooni. Tukajua tumekwisha. Kumbe watu wanataka zaidi! Haukupita muda maneno yale yakawa yameandikwa nyuma ya bajaji. Washereheshaji wa harusi wakayadaka: bwana harusi ameahidi hatamtazama mwanamke mwingine, asema yeye. Mgombea mmoja alipanda jukwaani kuahidi daraja, umati mzima ukamjibu kwa pamoja, na nasikia alishuka bila kumaliza. Tangu hapo Denise alipigwa marufuku kukata, na Mzee Ghalib akaanza kutembea Sanyuanli akiwa ametanguliza kifua.

Aliyetutia hofu ya kweli alikuwa Mzee Hasmukh, muuza vyombo wa Mwanza, Mhindu wa kusali, aliyekuja kununua masufuria na akaomba aonyeshwe huyo mtu wa asema yeye. Mzee Ghalib alivaa koti. Alijiandaa kuomba radhi, hata maneno aliyapanga, maana kumchezea shere mungu wa mwenzio si adabu na hakuwahi kukusudia hivyo. Mgeni akamwambia kwamba kwake wanatazama nyumba nzima. Akamwambia bibi yake alipokuwa akiwasomea visa hivyo, kabla ya kila neno la mungu alitaja kwanza nani anasema, maana ndivyo vilivyoandikwa tangu kale. Wewe umeweka tu nyuma kilichokuwa mbele, alimalizia. Wakanywa chai, wakaimba nyimbo za sinema za zamani kwa sauti mbaya, na kwa mwaka mzima baada ya hapo Mzee Ghalib hakuvumilika.

Tumpe haki yake kwenye ufundi. Indra, mfalme wa mbingu, ambaye kila akisikia mtu anafunga na kusali sana huanza kuogopa kiti chake, Mzee alimsemesha kama diwani wa kwao wakati wa kura za maoni. Narada, yule mtawa anayezunguka mbinguni na duniani akipeleka maneno ya huyu kwa huyu, alimpa sauti ya shangazi yake wa Michenzani, na shangazi akapiga simu kulalamika. Vichwa kumi vya Ravana alivipa sauti kumi, kimoja kina mafua. Na Kumbhakarna, ndugu yake Ravana anayelala nusu mwaka mpaka aamshwe kwa ngoma na tembo, sifa zote ni za Mzee lakini jitihada hakuna. Alisinzia kibandani baada ya biriani, Denise akarekodi, na mkoromo ule umesifiwa kuliko hotuba zake zote.

Ametufundisha pia kudharau burudani za siku hizi, somo ambalo hakuombwa. Ukimwonyesha filamu ya wale jamaa wa nguo za kubana wanaoruka juu ya majengo, atakwambia miungu wa Kihindu walikuwa wanaruka zamani, wamevaa dhahabu, tena bila kubanwa. Mishale inayogawanyika angani ikawa elfu, silaha inayozimwa na silaha nyingine moja tu, magari yapaayo, shujaa asiyekufa mpaka upate lile tundu moja dogo la masharti: vyote, kwa mujibu wa Mzee, vimechotwa huko bila hata hodi. Tulipopata kazi ya kutia sauti mchezo wa simu, na mtaalamu akaeleza kwamba kila mchezaji atachagua avatar yake, yaani umbo atakalovaa mchezoni, Mzee aliuliza kama wanajua neno hilo limetoka wapi. Vishnu, alisema, alishuka duniani mara kumi kwa miili kumi, samaki, kobe, nguruwe, na hakuna aliyemtoza vocha. Ganesha alipoonekana kwenye mchezo huo anatupa mipira ya moto kwa mkonga, Mzee alivua kofia na kuinama kwa huzuni.

Kisa cha Ganesha kilimgusa kuliko vyote. Shiva anatoka safari ndefu, anakuta mtoto mlangoni asiyemjua, mtoto anamzuia kwa kuwa mama anaoga, baba anapandwa na hasira anamkata kichwa, kumbe ni mwanawe, ndiye huyo Ganesha, akaja kuwekewa cha tembo. Siku tuliyorekodi kisa hicho kibanda kilikuwa kimejaa wafanyabiashara waliokuja kutusalimia, watu wa Kongo na watu wa Dar, wote baba za watoto wanaowaona mara moja kwa mwaka. Hakuna aliyecheka. Mzee akatoa hukumu yake: safari ndefu, simu hupigi, unarudi ghafla, yanakukuta. Tangu siku hiyo kila mtu anayepandisha mzigo ofisi ya chini huulizwa na Mzee kama ameshapiga simu nyumbani.

Lawama nazo zipo. Anachelewa. Chai ya chupa kubwa anaimaliza peke yake na kushangaa imekwenda wapi. Miaka kumi ya kwanza alimcheka Denise kwa kusema kurudilia badala ya kurudia, na miaka sita ya mwisho yeye mwenyewe ndiye anayeomba arudilie. Kiti kimoja chenye mto amekifanya urithi wa babu yake.

Sasa lile. Mwanzoni mwa mwaka Laoban alileta wataalamu wenye mashine inayojifunza sauti ya mtu. Wakailisha Mzee Ghalib wa miaka yote, na kwa kuwa walitaka sauti safi ya kutumia kwenye michezo na matangazo, waliondoa kila asema yeye. Mwezi Septemba tukaitwa sote kusikiliza, na keki ilikuwepo. Mashine ikasema, kwa sauti ya Mzee, na mikwaruzo yake, na pumzi yake: mimi ndiye muumba, niabuduni mimi. Kisha kimya. Mzee alisimama na kipande cha keki mkononi akisubiri maneno mawili. Sote tulisubiri, hata mimi nilijikuta nimetega sikio. Hayakuja. Akaweka keki mezani, akasema astaghfirullah, akachukua kofia yake, akateremka ngazi.

Nilimfuata chumbani kwake nyuma ya kituo cha metro nikamkuta anakunja nguo. Alinieleza bila mzaha, na mzee huyu bila mzaha anatisha. Kanda za mwanzo hazimsumbui, alisema, kwa sababu yeye alitamka, Denise ndiye aliyekata, na ataulizwa Denise. Lakini haya ya mashine hakuyatamka na wala hakuyatolea ushahidi. Akiwa hai, sawa, atabisha. Ila atakufa. Atalazwa kaburini, watakuja malaika wawili kumuuliza Mola wako ni nani, naye atajibu alivyofundishwa. Na wakati huo huo huku juu, kwenye king'amuzi cha mtu huko Morogoro, sauti yake mwenyewe itakuwa inajibu: mimi. Na nani atamwongezea maneno mawili? Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikaona machozi yake, nami nikalia.

Tatizo, mkataba ulikuwa upande wa Laoban. Kila kilichosemwa kibandani ni mali ya studio. Ilibidi mtu aende kumwomba, na kwa kuwa Kichina changu ni cha sokoni lakini hakichoki, nikaenda mimi. Dini ya Laoban ni picha ya mungu wa utajiri mlangoni, ambaye yeye Laoban humpa chungwa mwaka mpya na kumsahau. Nikamweleza habari za imani, akatikisa kichwa. Nikamweleza habari za heshima, akasema atampa Mzee kiti cha kukanda mgongo. Malaika wa kaburini sikujua waitwaje kwa Kichina. Mwishowe, nimechoka, nimekauka koo, nikasema ni watu wa forodha.

Hapo alikaa chini. Laoban Luo haogopi polisi, haogopi mafuriko, hata mkewe hamwogopi sana, anaogopa forodha. Nikakaza. Mzee anafika pale mpakani peke yake, hana wakala, hana wa kumsemea. Tamko lake la mzigo linasema kitu kimoja. Wanafungua kontena, wanasikia humo ndani sauti yake inasema kingine. Laoban akauliza kama hakuna faini ya kulipa yaishe. Hakuna. Akauliza kama hawezi kurudishwa na mzigo arekebishe tamko. Hawezi. Akauliza watamzuia muda gani. Nikamwambia, laoban wangu, hapo ndipo pasiposemeka. Yeye aliwahi kuzuiliwa kontena la ving'amuzi msimu mzima wa joto, na akilitaja mpaka leo hushika kifua. Alizungusha kikombe chake mezani, hakunywa.

Jumatatu iliyofuata alitukusanya. Alimtaka Mzee Ghalib, aliyekuja kwa kubembelezwa, akae kwenye kiti chake chenye mto. Akamwagiza Denise afute sauti yote kutoka kwenye mashine. Wataalamu walilalamika, na walikuwa na haki, maana walikuwa wameifanyia kazi miezi mingi. Akawajibu meiyou, hakuna, neno ambalo soko zima la Guangyuan Xilu linajua kwamba likishatoka, mazungumzo yamekwisha. Denise akamuuliza Mzee kama anataka kuisikia mara ya mwisho. Akakubali kwa kichwa. Mashine ikasema: mimi ndiye muumba, niabuduni mimi. Safari hii Mzee hakusubiri. Asema yeye, alijibu, na sauti zote mbili zilikuwa zake. Denise akabonyeza. Sijawahi kuona mtu mzima akipumua namna ile.

Nafasi yake inachukuliwa na Wekesa wa Bungoma, mwimbaji wa kwaya, ambaye alidhani yeye hahitaji nyongeza yoyote. Watazamaji walimtukana siku nne mfululizo. Sasa anaisema.

Mzee anarudi Kikwajuni kwa Bi Ilham, ambaye ametuma ujumbe kwamba miaka kumi na sita amemsikia mumewe akitishia mashetani kwenye televisheni, na sasa anataka kuona kama anaweza kuutisha mfereji unaovuja jikoni. Mapazia ya nusu ya Kikwajuni hatimaye yamenunuliwa. Yako mabegi sita, na baadhi ya walioyaagiza wameshahamia Fuoni. Na ndiyo, kabla hamjauliza, ameshapiga simu nyumbani.

Mzee wetu, asante kwa kutuchekesha, asante kwa kutuudhi, asante kwa kututisha siku ile. Tutakukosa, na si kidogo. Nenda salama, ukae na watu wako, ule, ulale, ukorome bila kurekodiwa. Maisha mema na marefu tunakutakia. Na hili, Mzee Ghalib, usiliongezee kitu. Hasemi yeye. Tunasema sisi.